Mfuko mmoja wa mbegu za feskyu hautoshi kazi tatu

Swali la msomaji: Mbele ya nyumba nina uwanja ambao nusu yake iko juani na nusu iko chini ya miti. Nyuma nina malisho ya ng'ombe wachache na farasi jike mmoja mwenye mimba. Nimepewa mfuko wa mbegu za feskyu, na lebo yake inasema ni mbegu za uwanja wa nyasi zenye endofaiti nyingi. Je, naweza kuzipanda kote, mbele na nyuma? Nyasi nitakazokata mbele niwape mifugo? Na ile feskyu ya buluu inayopandwa kwenye bustani za maua ni ya jamii hiyohiyo?

Ndugu msomaji,

Naanza na farasi wako, kwa kuwa mengine yote yanaweza kusubiri. Mbegu hizo usizipeleke malishoni, na nyasi zitakazoota kutokana nazo usimpe farasi mwenye mimba, ziwe mbichi au kavu. Mbele ya nyumba zitakufaa upande wa jua. Chini ya miti utahitaji feskyu ya aina nyingine, na malishoni nyingine tena. Lebo imekueleza ukweli, lakini hilo la endofaiti, yaani fangasi anayeishi ndani ya nyasi, ni sifa njema kwa mwenye uwanja na ni onyo kwa mfugaji.

Feskyu ni kundi kubwa la nyasi lenye spishi mia kadhaa, na nyingi kati yake ni za jenasi Festuca. Ni nyasi za ubaridi. Hustawi zaidi joto likiwa kati ya nyuzi 15 na 24 za Selsiasi. Jua likikaza hupunguza kasi, na ukame ukiongezeka juu ya joto, nyingi huacha kukua kwa muda na kugeuka rangi ya kahawia. Kwa hiyo ukitafuta zinakoota zenyewe utazikuta nchi za baridi, na katika tropiki utazikuta juu kwenye milima mirefu. Kama unakoishi ni joto usiku na mchana mwaka mzima, ukoka au nyasi nyingine ya joto itakutumikia kuliko feskyu yoyote, na hapo sitakushauri utumie hata senti moja kwa mbegu hizi. Nachukulia kwamba kwako kuna ubaridi wa kutosha.

Katika kazi za watu tunaweza kuzitenga makundi mawili. La kwanza ni la majani mapana: feskyu ndefu na ndugu yake feskyu ya mbuga. Feskyu ndefu utaikuta kwa majina matatu ya kisayansi, Festuca arundinacea, Schedonorus arundinaceus na Lolium arundinaceum, kwa sababu wataalamu wa mimea wameihamisha kutoka jenasi moja hadi nyingine. Ni mmea uleule, kwa hiyo lebo isikuchanganye. Ina undugu wa karibu sana na raigrasi, hata nyasi hizi mbili huzalishana, na machotara wao hupandwa kwa malisho. Kundi la pili ni feskyu nyembamba, zenye majani yaliyojikunja membamba kama sindano: feskyu nyekundu, chewings, feskyu ngumu, feskyu ya kondoo, na hiyo ya buluu uliyoiulizia. Kwa maelezo yako, mfuko wako unaelekea kuwa wa feskyu ndefu. Hakikisha kwa kusoma jina la spishi, si maandishi makubwa ya mbele.

Sasa endofaiti yenyewe, maana ndiyo inayoamua karibu kila kitu katika swali lako. Endofaiti ni fangasi anayeishi ndani ya mmea. Wa feskyu ndefu anaitwa Epichloë coenophiala. Hukaa kwenye nafasi zilizo baina ya seli, na kwa macho hutamwona: hakuna doa, hakuna unga juu ya jani, hakuna jani linalonyauka. Hapulizwi na upepo wala habebwi na mashine ya kukatia nyasi kutoka shina hadi shina. Njia yake ni mbegu tu. Nyasi inapotoa shina la maua, naye hupanda nalo, akaingia kwenye mbegu, na mche mpya huota akiwa tayari yumo. Kwa hiyo malisho safi hayaambukizwi na malisho ya jirani, ila mbegu za jirani zikifika kwako na kuota.

Fangasi huyu na nyasi wanafaidiana. Nyasi humpa chakula na makao. Yeye hutengeneza kemikali ziitwazo alkaloidi. Baadhi ya alkaloidi hizo hufukuza au kudhoofisha wadudu wanaotafuna majani na mashina, na nyasi yenye endofaiti huvumilia ukame na kuliwa sana na mifugo kuliko isiyo nayo. Kwa uwanja wa mbele ya nyumba hiyo ni neema, kwa sababu dawa za wadudu utazihitaji kwa nadra. Wazalishaji wa mbegu za viwanja huitafuta sifa hiyo kwa makusudi, na ndiyo sababu wameiandika kwenye lebo yako kwa fahari.

Taabu inaletwa na alkaloidi za kundi la ergoti, hasa ergovalini. Mnyama akiila, mishipa midogo ya damu hubana, na homoni ya prolaktini hushuka. Damu isipofika vizuri kwenye ngozi, ng'ombe hushindwa kutoa joto mwilini. Msimu wa joto utamwona anahema, hatoki kivulini, anasimama kwenye maji au matope, manyoya yake ya baridi hayang'oki, anakula kidogo na uzito hauongezeki. Msimu wa baridi mambo hugeuka: damu haifiki vya kutosha miguuni, kwenye ncha ya mkia na masikioni. Ng'ombe huanza kuchechemea mguu wa nyuma, mguu huvimba juu ya kwato, na ukichelewa nyama hufa na kwato linaweza kudondoka. Chanzo ni kimoja. Mfugaji asiyejua huona magonjwa mawili, akatibu kila moja kivyake, huku ng'ombe wakiendelea kula sumu ileile.

Farasi jike huumia kwa namna yake. Prolaktini ndiyo inayoandaa maziwa, kwa hiyo anaweza kukaribia kuzaa chuchu zikiwa kavu. Mimba yake, ambayo kwa kawaida ni miezi 11 hivi, hupitiliza. Mtoto huendelea kukua tumboni na kuzaa kunakuwa kwa shida. Kondo la nyuma huwa nene, na huweza kutangulia kutoka kabla ya mtoto, jambo linaloweza kumkosesha hewa mtoto na kumuua. Usitegemee dalili za mapema, kwa sababu mara nyingi farasi mwenyewe huonekana mzima hadi siku ya kuzaa. Kama malisho yako ya sasa tayari yana feskyu ndefu na hujui ilitoka wapi, mtoe humo miezi 3 ya mwisho ya mimba, umpe nyasi kavu ambazo una hakika hazina feskyu. Hili la nyasi kavu nalisisitiza: kukausha hupunguza ergovalini, hakuimalizi. Kama miezi hiyo imeshaanza, mwite daktari wa mifugo leo, umweleze tangu mwanzo kwamba amekuwa akila feskyu. Iko dawa iitwayo domperidoni ambayo daktari anaweza kumwanzishia, na akijua mapema atajiandaa kwa siku ya kuzaa.

Pengine utajiuliza nyasi yenye madhara haya ilienea vipi. Mwaka 1931 E. N. Fergus wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, aliiona feskyu ndefu kwenye mlima wa shamba moja katika kaunti ya Menifee, ikiwa ya kijani wakati nyingine zimechoka. Akachukua mbegu, ikajaribiwa kwa miaka, na mwaka 1943 ikatolewa kwa wakulima kwa jina la Kentucky 31. Ilishika udongo uliokuwa ukimomonyoka, ilistahimili kwato na ukame, ilikubali udongo mbovu. Ikafunika mamilioni ya hekta. Ng'ombe wakawa wanadhoofu kwenye nyasi ambayo vipimo vya lishe viliisifu, na kwa miongo kadhaa sababu haikujulikana, hadi mwaka 1977 watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani, jimboni Georgia, walipoihusisha sumu hiyo na fangasi aliyemo ndani ya mmea.

Kilichofuata ndicho ninachotaka ukizingatie unapochagua mbegu za malisho. Dawa ilionekana rahisi: panda feskyu isiyo na endofaiti. Mbegu hizo zilitoka, wanyama wakanenepa, kisha katika sehemu nyingi zenye kiangazi kigumu nyasi zenyewe zikafa. Mmea ulikuwa umempoteza mlinzi wake. Ndipo wataalamu wa New Zealand na wa Marekani wakatafuta, katika mimea ya porini, endofaiti wanaoipa nyasi uimara bila kutengeneza ergovalini. Tangu mwaka 2000 hivi mbegu zenye endofaiti salama zimekuwa zikiuzwa kwa wafugaji. Kwa hiyo malishoni una njia tatu: feskyu yenye endofaiti wa sumu, isiyo na endofaiti, na yenye endofaiti salama; na kwa hali yako mimi nachagua hii ya mwisho. Isiyo na endofaiti kabisa naikubali tu pale ambapo mvua ni ya uhakika na mfugaji haachi nyasi ikaliwa hadi mzizi. Yenye endofaiti salama ni ghali, ndiyo, lakini malisho hayo yakitunzwa hudumu miaka mingi, na ndama mmoja aliyedumaa ni hasara kubwa kuliko tofauti ya bei.

Kama malisho yako tayari yana feskyu ndefu, pima kwanza. Kata mashina chini kabisa, karibu na udongo, kwa sababu fangasi hukaa zaidi hapo. Chukua mashina 30 au zaidi kutoka pande zote za shamba, usichague, uyapeleke maabara ya kilimo yakiwa bado mabichi. Maabara itakuambia ni asilimia ngapi yameambukizwa. Ikiwa ni machache, huna haja ya kulima upya. Panda klova au mikunde mingine ndani ya nyasi hadi ichukue kama robo ya malisho; mnyama atakula mchanganyiko, na sumu itapungua kwa kila anachomeza. Kisha usiziache nyasi zitoe mbegu. Ergovalini hujaa zaidi kwenye masuke, na ng'ombe huyapenda, hivyo kukata au kulisha mapema kabla hayajachomoza huondoa sehemu mbaya kuliko zote. Wakati wa joto kali wahamishie kwenye nyasi nyingine kama unayo.

Ikiwa karibu yote yameambukizwa na unataka kuanza upya, usikimbilie kupanda juu ya yale ya zamani. Zuia yasitoe mbegu msimu mmoja, yaue kwa dawa ya magugu, panda zao la muda linalofunika ardhi vizuri, ua tena yatakayochipua, kisha ndipo upande mbegu mpya. Ni kazi ya karibu mwaka mzima. Wanaoruka hatua hurudi palepale, maana mashina yaliyobaki ni yale yenye fangasi, na ndiyo magumu zaidi kufa. Mbegu mpya zipande kilo 17 hadi 22 kwa hekta, kina kisizidi sentimita 1 hivi, na usiingize mifugo hadi ukivuta jani kwa mkono likatike kabla mzizi haujang'oka.

Turudi mbele ya nyumba. Upande wa jua, mfuko wako unafaa. Feskyu ndefu ina mizizi inayokwenda chini sana kuliko nyasi nyingi za ubaridi, kwa hiyo hukaa kijani muda mrefu baada ya mvua kukatika, na watoto wakicheza juu yake haikasiriki. Udhaifu wake ni kwamba huota kwa mafungu na haitambai sana. Ikipata upara, upara huo hauzibiki wenyewe, lazima uongeze mbegu. Ndiyo sababu huoteshwa nene tangu mwanzo: gramu 30 hadi 40 kwa mita ya mraba. Udongo uwe umelainishwa juu, mbegu zifunikwe kidogo tu, na udongo usikauke kwa wiki mbili za kwanza. Zitaota ndani ya siku 7 hadi 14 ikiwa udongo una joto la wastani. Wakati bora ni joto la mwaka linapoanza kushuka, kwani mche unapata miezi ya ubaridi kujenga mizizi. Ukipanda joto likikaribia, mche huingia kwenye kiangazi na mizizi mifupi, na magugu huchukua nafasi.

Ikishashika, imwagilie mara chache lakini maji yaende chini. Ikate ibaki na sentimita 7 hadi 10, na kila unapokata usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu. Wengi huikata fupi wakitaka zulia, na hapo ndipo wanapoiua. Ugonjwa wake mkubwa ni mabaka ya kahawia yanayoletwa na fangasi mwingine, Rhizoctonia solani, usiku ukiwa na joto na unyevu. Mbolea nyingi ya naitrojeni wakati wa joto huualika. Weka mbolea kipindi cha ubaridi, na umwagilie alfajiri, si jioni.

Chini ya miti, feskyu ndefu itaishi ikiwa kivuli ni chepesi, lakini feskyu nyembamba ndizo za mahali hapo. Mimi ndizo ninazozipenda kuliko zote, na naona watu huzinyima nafasi yake. Huridhika na udongo maskini na wenye asidi, huhitaji nusu ya mbolea au pungufu, hukua polepole, na unaweza kuziacha zilale kwa mawimbi laini ukazikata mara mbili tu kwa mwaka. Feskyu nyekundu inayotambaa huziba mapengo kwa mashina yake ya chini ya udongo. Chewings, iliyopewa jina la George Chewings wa New Zealand aliyeuza mbegu zake karne ya 19, haitambai ila hufunga vizuri. Feskyu ngumu ndiyo mvumilivu wa ukame kati ya hizo tatu. Zichanganye, gramu 20 hadi 25 kwa mita ya mraba. Viwanja vya gofu vya pwani ya Scotland vilianza juu ya nyasi za aina hii, zilizoota zenyewe kwenye mchanga bila mtu kuzirutubisha.

Vitu viwili huzimaliza: maji yanayotuama na kukanyagwa kila siku. Kama pana njia ya miguu chini ya miti, weka mawe ya kukanyagia. Na kama kivuli ni kizito kiasi kwamba jua halifiki hata saa chache kwa siku, acha wazo la nyasi. Tandaza matandazo ya majani au panda mimea ya kivulini. Punguza matawi ya chini kwanza, kisha uamue. Majani yanayoanguka yaondoe upesi, maana yakilala juu ya miche michanga yanaiozesha.

Feskyu ya buluu, Festuca glauca, ni ya jamii hiyohiyo, lakini si nyasi ya kufunika uwanja. Ni kifungu cha mviringo cha sentimita 20 hadi 30, kizuri pembezoni mwa njia, katikati ya mawe au kwenye chungu. Ubuluu wake unatokana na nta inayofunika jani, na nta hiyo hupungua mmea ukikaa kivulini. Kwa hiyo iweke upande wako wa jua, kwenye udongo unaopitisha maji haraka, nafasi ya sentimita 25 hadi 30 kati ya shina na shina. Usiirutubishe. Baada ya miaka 2 au 3 katikati hukauka ikabaki duara tupu. Ing'oe, igawe, upande upya vipande vya pembeni vilivyo hai, vya katikati utupe. Majani makavu yachomoe kwa vidole vyenye glavu badala ya kuikata hadi chini, kwani ikikatwa sana huchelewa kurudi na wakati mwingine hairudi.

Kuhusu nyasi utakazokata mbele: usiwape mifugo wako, hata ng'ombe. Zina endofaiti ileile, na kwa farasi nyasi zilizokatwa kwa mashine ni hatari hata zisipokuwa za feskyu, kwa sababu hulundikana, huchacha haraka, naye hula nyingi kwa mkupuo mmoja akaumwa tumbo. Ziache zioze palepale uwanjani. Zitarudisha sehemu ya naitrojeni uliyoweka.

Limebaki la mbegu zitakazosalia mfukoni. Utasikia ushauri kwamba ukizihifadhi mwaka mmoja au zaidi mahali pa joto la kawaida, fangasi hufa na mbegu hubaki hai, basi unaweza kuzipanda malishoni. Ni kweli kwamba fangasi huweza kufa kabla ya mbegu. Lakini uwezo wa mbegu kuota nao unashuka, na bila kipimo cha maabara huwezi kujua ni wangapi waliobaki. Halafu mbegu hizo zilizalishwa kwa ajili ya uwanja, zina majani mafupi na mavuno kidogo, kwa hiyo hata zikiwa safi hazitakulishia ng'ombe ipasavyo. Wala usizichanganye kwenye chakula cha kuku au mnyama yeyote, maana alkaloidi hubaki ndani ya mbegu hata fangasi akishakufa. Kama una mteremko unaomomonyoka ambako mifugo haifiki, zimwage huko. Mizizi yake hushika udongo vizuri. Ila pasiwe karibu na uwanda wa nyasi za asili, kwa sababu feskyu ndefu ikishaingia huko huzisukuma nyingine na kuiondoa ni kazi ya miaka.